Ukitaka ndege wa Mida, jua kwanza mwezi ni tarehe ngapi

#1 Fundi Barafu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu. Nimesoma humu kimya kimya miaka, leo nalipa deni.

Mimi ni fundi wa friji, naishi Kisauni, na kazi zangu nyingi ziko Watamu. Mwaka juzi mteja mmoja aliishiwa, akaniwekea rehani darubini yake ya 8x42. Pesa ilipopatikana nikamwambia nusu abaki nayo, darubini aniachie. Ndipo maradhi yalipoanzia. Tangu hapo nimepita hori ya Mida, pwani ya Kenya, kila mwezi kwa mwaka mzima na ushei. Naandika ili mwingine asipoteze siku kama nilivyopoteza yangu ya kwanza.

Siku hiyo nilifuata ushauri wa vitabu: ndege hutazamwa asubuhi. Nikapanda matatu ya Malindi, nikashuka Mida kabla ya kufika Gede, nikalipa ada ya daraja, nikalifuata lile daraja la mbao linaloning'inia katikati ya mikoko. Linayumba utadhani uko ndani ya dau. Saa nne asubuhi niko kibandani mwishoni mwa daraja, darubini machoni. Nikaona nini? Tope. Tope mpaka macho yaishe, na kule mbali kabisa vitu vyeusi kama punje za pilipili manga kwenye sahani. Hao ndio ndege.

Nikajitia ujuzi, nikashuka niwafuate. Hatua ya sita nimezama hadi goti. Mguu nilichomoa, kandambili mpaka leo iko Mida. Mzee mmoja aliyekuwa akichimba chambo akacheka hadi akaketi juu ya ndoo yake. Akaniuliza, "Leo mwezi ngapi?" Nikamtajia tarehe ya kwenye simu. "Hiyo ya serikali. Nakuuliza mwezi."

Kwa mwezi wa angani ilikuwa tarehe 15. Mwezi mpevu, bamvua, na saa nne asubuhi ndiyo saa ambayo maji yamekwenda zake kabisa.

Naendelea, nimeitwa kwenye friji.

#2 Kaka wa Kimara

Naweka kambi hapa. Mkuu swali la msingi: hao ndege wanaliwa?

#3 Bint Mvita

Kaka wa Kimara huna dogo 😂 Kitwitwi mmoja hajazi hata kijiko.

Fundi, mimi nimefika Mida mara moja na wanangu wawili. Mdogo alilia daraja zima kwa sababu ya kuyumba, mkubwa akawa analiyumbisha makusudi. Ndege sikumbuki hata mmoja. Tupe darasa.

#4 Fundi Barafu

Nimerudi.

Kaka wa Kimara, hori yote iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotengwa tangu 1968 na sasa iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ukimgusa ndege pale utakula wewe, tena kwa sahani ya serikali.

Sasa darasa. Mida ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu nyuma ya Watamu. Mlango wake mwembamba, tumbo lake pana. Maji yakipwa tope lote linabaki wazi, na tope lile ndilo meza: kaa, nyungunyungu wa bahari, kome wadogo. Ndege hutawanyika humo kama watu sokoni, kila mmoja na riziki yake. Maji yakianza kujaa meza inakunjwa pole pole, wanasukumwa kuelekea ukingoni. Kwa hiyo usimfuate ndege. Kaa kibandani, maji yatakuletea.

Kwa upepo na miezi, mwaka wangu ulikwenda hivi.

Agosti hadi Oktoba ni kurudi. Kusi inapungua nguvu, na vitwitwi wanashuka kutoka kaskazini ya dunia. Kuna mmoja mdogo, mdomo mrefu uliopinda kidogo kwa chini, anazaa kule Siberia juu kabisa ambako ardhi huganda. Uzito wake ni kama yai moja la kuku. Yai linaloruka kutoka Siberia mpaka Gede! Septemba ukimkuta bado ana mabaka mekundu kifuani, kama mtu aliyetoka harusini bila kunawa hina. Kufikia Novemba amekuwa wa kijivu, ukimchanganya na wenzake sikulaumu.

Wakubwa hutangulia. Watoto waliozaliwa mwaka uleule hufuata baadaye, peke yao, njia ambayo hawajawahi kuipita. Hili lilinikalisha chini. Mimi mwanangu wa darasa la saba namsindikiza mpaka stendi.

#5 Babu Mlilana

Nimesoma. Mwanangu Fundi, umeeleza vizuri ila hesabu ya maji umeikata katikati. Watu wataenda tena saa nne.

Pwani yetu hii, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani tarehe 1 na 15, maji hujaa kama saa kumi jioni na kama saa kumi alfajiri. Hupwa saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Ndiyo maana tarehe 8 na 23 mambo yanageuka: asubuhi saa nne maji yamejaa, tena ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Mida nayo huchelewa kidogo nyuma ya bahari kuu, maana mlango ni mwembamba, maji hayapiti yote kwa pamoja.

Anayetaka ndege aende tarehe 14, 15, 16, au mwezi ukiandama. Afike saa nane mchana, akae mpaka magharibi. Jua litakuwa mgongoni mwake, kwa sababu kibanda kinatazama mashariki. Asubuhi lingemchoma macho hata kama maji yangekuwapo.

Hii haitaki simu. Inataka mtu ajue leo mwezi ngapi.

#6 Fundi Barafu

Shikamoo Babu. Mimi nimelipia programu ya simu mwaka mzima kuniambia hayo hayo.

Baada ya hapo kaskazi. Kuanzia Disemba hadi Machi ndio msimu wenyewe, na ndio miezi ya joto, kwa hiyo beba maji ya kunywa na kofia. Hapa ndipo anapotawala ndege aliyenifunga mimi. Mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya buluu iliyopauka, mdomo mweusi mnene kama kisu cha kufungulia chaza. Kazi yake kaa. Anakimbia hatua chache, anasimama, anakimbia tena, kisha anachoma. Kaa mkubwa humpigapiga na kumkata miguu kwanza. Jina lake la Kiswahili nimeuliza watu watano nikapata majibu sita, basi humu namwita mlakaa.

Mlakaa hana ndugu wa karibu, yuko peke yake katika ukoo wake. Anazaa kwenye visiwa na fukwe za mchanga za Ghuba, Bahari ya Shamu, Oman na upande wa Somalia. Anachimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja tu, jeupe, mle ndani gizani. Joto la mchanga wenyewe linamsaidia kuatamia. Ndege wengine wa pwani hutaga juu, mayai yenye madoa kama kokoto. Huyu amejichimbia handaki kama kaa anaowala.

Januari moja, mwezi wa angani ukiwa tarehe 15, nilikaa kibandani nikaanza kuwahesabu wakikusanyika ncha ya mchanga kabla maji hayajaifunika. Nilifika mia mbili na kitu, akaja furukombe akapita juu, wote hewani. Nikaanza upya. Nikakata tamaa nikawaangalia tu.

Wengine wa kaskazi nitawapitia haraka: heroe, hawa flamingo warefu weupe wenye wekundu chini ya bawa, wakiwa mbali majini. Sululu, ambaye mdomo wake ndio sululu yenyewe. Yangeyange. Na usiondoke kabla ya giza, maana keremkerem wekundu huja kwa makundi kulala ndani ya mikoko. Jua likiwapiga wakati wanazunguka kabla ya kutua, ule wekundu hakuna kamera ya simu iliyowahi kuupata. Nimejaribu na simu tatu.

#7 Maskati Mjini

Assalaam alaykum. Nimeingia humu kwa bahati, ndugu yangu wa Unguja kanitumia.

Huyo mlakaa wako Fundi, kwetu Oman yuko tele. Kuna mahali panaitwa Barr Al Hikman, mkabala na kisiwa cha Masirah. Ni uwanda wa tope na chumvi mpana kuliko unavyofikiri, hauna mti. Wakati wa baridi ndege wa pwani wanafika laki kadhaa, na walakaa ni maelfu. Kuwait pia wanazaa, kisiwa cha Bubiyan.

Nilicheka uliposema kaskazi. Upepo huohuo ndio uliowaleta babu zetu huko kwenu na majahazi. Tofauti ni kwamba ndege hakuoa akabaki.

#8 Fundi Barafu

Wa alaykum salaam. Wapo wanaobaki, ngoja nifike Juni utaona.

#9 Tope la Rufiji

Jamani na sisi tupo. Watu wakisikia mikoko wanadhani Kenya na Lamu. Rufiji, Mafia na Kilwa ni ukanda mmoja ulioingia kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu, mwaka 2004, na mikoko ya Rufiji ni msitu, siyo bustani. Mlakaa tunaye wa kumwaga. Tatizo letu hakuna daraja wala kibanda. Unapanda mtumbwi, mbu wanakula wewe, ndege unamwona kwa kuibia. Mida nayo iko Ramsar?

#10 Fundi Barafu

Hapana mkuu. Kenya kwa pwani ni Delta ya Tana peke yake, tangu 2012, zingine zote ni maziwa ya bara. Mida inalindwa kama hifadhi ya bahari na kama sehemu ya eneo hai la UNESCO la Malindi na Watamu.

Kuhusu daraja, lilijengwa kwa mpango unaoitwa ASSETS wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya. Ada unayolipa inachangia karo ya sekondari kwa watoto wa vijiji vinavyozunguka hori na msitu wa Arabuko-Sokoke. Ndio maana naona si sawa mtu kupitia vichochoroni akakwepa kulipa halafu akajisifu humu. (Bundi wa Sokoke tumwachie uzi wake, tukianza hatutamaliza.)

#11 Bint Mvita

Naomba niweke neno kuhusu mashua. Mwaka jana, sehemu nyingine siyo Mida, nilipanda na wageni wa kazini. Nahodha alipoona kundi limetulia kwenye fungu akaongeza mashine akawaendea moja kwa moja. Wakaruka wote, wageni wakapiga picha, makofi. Akageuza, akarudia. Mara tatu! Nilijua kuna kitu hakiko sawa lakini sikuwa na la kusema. Kuna ubaya gani kitaalamu?

#12 Fundi Barafu

Dada, upo, na mkubwa. Wacha nijibu pamoja na msimu wa tatu kwa sababu ni kitu kimoja.

Machi na Aprili, tanga mbili, kaskazi inakufa na kusi haijashika. Watu wengi hawaji miezi hii kwa sababu ya joto kisha mvua. Mimi ndiyo naipenda kuliko yote. Wale vijivu wa Januari wanavaa. Yule wa uzito wa yai anakuwa mwekundu wa matofali kutoka kidevuni hadi tumboni. Kitwitwi wa mchangani anapata kifua cha machungwa. Ukikaa wiki tatu bila kuja, unarudi unadhani wamebadilishwa.

Na wanakula. Hawainui kichwa. Kwa sababu safari ya Siberia ni ya mafuta: ndege anajaza mwilini akiba ya kumvusha maelfu ya kilomita. Sasa hesabu kama fundi. Gari limesimama kituoni linajaza tangi, wewe kila dakika kumi unalazimisha liwashwe likazunguke mtaa. Jioni litaondoka na nini? Saa za kula ni chache, maji yakijaa meza imefungwa. Mara tatu za nahodha wako ni mlo mzima. Akishindwa kufika huko kwa wakati au kwa nguvu, hazai mwaka huo.

Na hawako wengi wa kuchezea. Mwaka 2024 IUCN, shirika la uhifadhi la kimataifa, katika Orodha Nyekundu yake ya viumbe walio hatarini iliwapandisha ngazi ndege wa pwani kadhaa, wawili kati yao hawa wetu wa Mida: huyu mdogo wa Siberia, na kitwitwi mkubwa wa kijivu anayesimama peke yake kama mlinzi wa benki. Wote sasa wamo kwenye kundi la walio hatarini. Matope wanayopumzikia njiani, hasa Asia, yamefukiwa kwa ujenzi, na kule juu wanakozaa majira yamevurugika.

Mwisho wa Aprili niliwaona wakiondoka. Saa moja kasoro jioni, kundi likapanda juu kuliko kawaida, likazunguka mara moja likiitana, likaelekea kaskazini. Nilitegemea litarudi kutua. Sikuliona tena.

#13 Kaka wa Kimara

Aisee. Nafuta swali langu la kwanza.

Lakini mkuu, likizo yangu ni Juni. Ina maana nikija nakuta tope na kandambili yako?

#14 Fundi Barafu

😂 Ukiikuta niletee, ni ya mguu wa kushoto.

Hata mimi niliambiwa kusi hakuna kitu. Nilikwenda Juni kwa sababu tu friji ya mtu iliharibika. Upepo mkali, mawingu, daraja linanesa kwelikweli. Nikaweka darubini kwa mazoea, na kulikuwa na ndege! Siyo wengi, labda mmoja kwa kila kumi wa Januari. Wote wa kijivu, hakuna mwekundu. Nikauliza, nikaambiwa hawa ni wa mwaka wa kwanza. Hawajakomaa kuzaa, basi safari hawajaifanya. Wazee wamekwenda Siberia na Ghuba, vijana wamebaki kula kaa. Maskati Mjini, ndio wale niliokwambia wamebaki.

Kusi ina mambo yake mengine mawili. La kwanza ni Sabaki, kaskazini ya Malindi kabla ya Mambrui. Ni mto uleule unaoitwa Athi huko Nairobi na Galana huko Tsavo. Mlango wake ni mchanga na maji mekundu, na kati ya Aprili na Septemba wapo ndege wa Madagaska waliokuja kukimbia baridi ya kwao. Wanaruka kama mbayuwayu wakidaka wadudu hewani, wakitua chini wanapotea mchangani mbele ya macho yako. Wakati wa Siberia kuondoka ndio wakati wa Madagaska kuingia. Mlango mmoja, wapangaji wa zamu. Ila Sabaki nenda na mwenyeji. Kuna viboko, na mafungu ya mchanga hayako leo yalipokuwa mwezi jana. Takataka za bara pia zinateremka na mto zikatulia pale, jiandae kuziona.

La pili ni Whale Island, lile jabali mbele ya Watamu mlangoni mwa hori. Katikati ya mwaka, Julai hivi hadi Septemba, buabua wenye mikia kama ya mbayuwayu wanazaa pale juu ya mawe. Watazame kutoka mbali. Mtu akikuambia atakushusha kisiwani, mkatae. Mzazi akiruka dakika chache tu, yai linaachwa juani.

#15 Tope la Rufiji

Uzi wa mwaka huu. Swali la vifaa: darubini ya bei ya chini inafaa?

#16 Fundi Barafu

Inafaa. Usivutwe na namba kubwa za kukuza. Mikono inatetemeka, daraja linatetemeka, ndege anakuwa supu. Nane inatosha. Ukitoka ifute na kitambaa chenye maji baridi, chumvi ya Mida inakula chuma kuliko kutu ya friji zote nilizowahi kufungua. Hamna darubini kabisa? Njooni tarehe 15, saa kumi jioni wanakuwa karibu kiasi cha kuonekana kwa macho.

#17 Babu Mlilana

Hapo kweli. Sisi tumewaona maisha yetu yote bila kioo. Na niongeze: nyinyi mnatazama ndege tu. Mkitoka darajani mtazame na miti. Mlilana ndio unaosimama mbele kabisa majini, mkoko wenyewe wenye miguu ya buibui unafuata, mchu huvumilia chumvi kuliko wote ndio maana mtauona hata nyuma kule kwenye ardhi kavu. Ukijua mti, unajua maji hufika wapi. Ukijua maji, ndege utawajua.

#18 Fundi Barafu

Nafunga na hii kwa sasa, nimetoka Mida jana.

Agosti tena. Walakaa wa kwanza wamefika, kumi na moja. Mmoja alikuwa wa kijivu, mchanga, kichwa chini, analia kwa kujikunyata mbele ya mkubwa mweupe kama mtoto anayedai mandazi. Mkubwa akaenda zake. Mdogo akamfuata. Mkubwa akachoma kaa, akamkatakata, na mdogo akapewa. Kumbe hawa si kama wale wadogo wa Siberia wanaoachwa wajue njia wenyewe. Mlakaa anamleta mwanawe mkono kwa mkono kutoka Ghuba, na akifika bado anamlisha miezi.

Yule mzee wa chambo alikuwepo. Kaniuliza, "Leo mwezi ngapi?" Nikamjibu kabla hajamaliza.

#19 Kaka wa Kimara

Nimehamisha likizo. Tiketi ya basi la Mombasa nakata wiki hii. Babu, tarehe 15 inayokuja inaangukia siku gani?

#20 Babu Mlilana

Subiri mwezi uandame kwanza, mwanangu. Na uje na viatu vya kufunga.